Maji ya Njano Mvua Ikianza: Kisa cha Karakana ya Kromu Iliyofungwa

Ploti na mto

Majina ya watu, namba ya ploti, miaka na jina la kijito nimeyatoa, ju wengine kwa hiki kisa bado wanafanya kazi na majirani wale wale. Kilichobaki nimekieleza vile kilivyotokea, pamoja na sehemu zenye hazikuenda poa.

Eneo ni Industrial Area, Nairobi, kwa kijito kidogo kinachoingia Mto Ngong. Kwa wenye hawajui, Mto Ngong ni mmoja wa mito mitatu mikubwa ya jiji, wenzake ni Nairobi na Mathare. Unapita Nairobi Dam, unakata Industrial Area na Mukuru, unaungana na Mto Nairobi huko chini, na yote inamalizikia Athi, ambayo mbele inageuka kuitwa Galana halafu Sabaki na kumwaga baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo huu si uchafu wa mtaa mmoja hata kama ulianzia kwa ploti moja.

Kwa hiyo ploti kulikuwa na karakana ya kupiga kromu. Bampa za magari, rimu, mifereji ya bafu, vitanda vya hospitali, kitu chochote cha chuma mtu alitaka king'ae kilipitia hapo. Upande wa nyuma walikuwa wanapaka zinki kwa nati na bolti. Ilifanya kazi miaka mingi, ikafungwa, mwenyewe akafariki, kampuni ikafutwa, watoto wakauza ploti. Aliyenunua, nitamwita landilodi tu, alitaka kujenga godauni na hakuwa anajua chochote kuhusu kromu, aliona sakafu ya simiti, ukuta, geti, bei nzuri.

Matanki yalienda skrepa wiki ya kwanza. Chenye hakikuenda ni kile kilichokuwa kimevuja miaka yote chini ya sakafu, pamoja na shimo moja nyuma ya ploti, limefunikwa na mabati, limejaa maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Wenye kusoma visa vya migodi iliyofungwa wataona hii inafanana. Mgodi ukifungwa watu wanaenda nyumbani, mashine zinauzwa, lakini mvua haijaambiwa kitu, inaendelea kupita mle mle na kutoka na madini. Kilembe, kule Kasese Uganda, uchimbaji wa shaba ulisimama mapema miaka ya 1980 na mpaka leo Mto Nyamwamba bado unachota mabaki ya mgodi kila ukifurika. Tofauti yetu ilikuwa ukubwa tu, na kwamba sisi tulikuwa na bahati chanzo ni ploti moja yenye ukuta.

Malalamiko na ile sampuli iliyotoka safi

Chini ya hiyo ploti kidogo kuna akina mama wanalima sukuma na managu kando ya kijito, na kuna kikundi cha vijana wanaosafisha mto na kupanda miti. Hao ndio walianza kulalamika, maji yanatoka njano kwa ukingo, wengine wakipata vipele kwa miguu. Vijana wakaandika barua, ofisi moja ya serikali ikatuma watu, wakachota maji, maabara ikasema kromiamu, ile metali yenyewe ya kupigia kromu, iko chini ya kiwango. Faili ikafungwa. Mwaka uliofuata malalamiko yale yale, watu wakaja tena, majibu yale yale.

Sasa hapo watu waligawanyika. Vijana wakasema kuna mtu amekula. Landilodi akasema vijana wanatafuta pesa. Na kusema ukweli nikisoma zile ripoti mbili sikuona dalili ya uongo, zilikuwa zimefanywa vizuri, chupa safi, maabara yenye sifa. Shida ilikuwa tarehe. Sampuli zote mbili zilichukuliwa katikati ya Mei.

Mimi niliingia kama mtu wa maji, nimeitwa na kikundi, baadaye nikalipwa na landilodi, mpangilio ambao ulileta maneno na nitaurudia. Kitu cha kwanza nilienda kuongea na shosho mmoja mwenye shamba lililo karibu zaidi na ukuta.

"Shosho, hii rangi mnaionanga lini?"

"Mvua ikianza tu, kijana yangu. Ikishashika, inapotea. Ukikuja hiyo saa ingine utasema sisi ni waongo."

Hiyo sentensi ilikuwa na thamani kuliko ripoti zote mbili, na sababu iko kwa udongo. Upande huo wa Nairobi ni udongo mweusi wa kunata, ule mafundi wa mjengo wanauchukia. Kiangazi unapasuka, nyufa zingine unaweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Mvua za kwanza za Machi zinaingia kwa hizo nyufa mbio, zinaosha kila kitu kilichokauka humo ndani, zinatokea kwa ukingo wa kijito. Baada ya wiki kadhaa udongo umekunywa maji, umevimba, nyufa zimejifunga, na maji hayapiti tena, yanakimbilia juu juu. Halafu pia Mei kijito kimefurika, hata kidogo kinachotoka kinachanganyika na maji mengi mpaka hakionekani. Oktoba mvua za vuli zikianza, mchezo unaanza upya, ju kutoka Juni mpaka Septemba nyufa zilikuwa zimefunguka tena.

Basi tukangoja. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga usiku, asubuhi tulikuwa kwa ukingo na vile vipaketi vya unga vya kupima kromiamu namba sita, ile mbaya. Unachota maji, unamwaga unga, unatikisa. Chupa ya juu ya ploti ilibaki vile ilikuwa, maji tu ya mto na ukungu wake. Chupa ya kwa ukingo chini ya ukuta iligeuka zambarau kabla sijamaliza kufunga kifuniko, zambarau nzito kama maji ya zabibu, na ilibidi tuiongeze maji safi mara kadhaa ndo kipimo kisome. Vijana walinyamaza wote. Chupa ya chini kwa mashamba ilikuwa na zambarau nyepesi.

Kwa wenye hawajakutana na hii kitu: kromiamu iko aina mbili zenye zinajali hapa. Namba tatu inashikana na udongo na haitembei sana maji yakiwa ya kawaida. Namba sita inayeyuka, inatembea na maji, inachoma ngozi, na ukiivuta hewani kwa muda inaleta kansa. Shirika la Afya Duniani linataka kromiamu yote kwa maji ya kunywa isipite miligramu 0.05 kwa lita. Hakuna mtu alikuwa anakunywa hicho kijito, jamani, lakini walikuwa wanasimama ndani yake.

Mzee wa matanki

Kabla ya kugusa chochote tulitafuta mtu aliyefanya kazi pale. Soja wa godauni jirani alimjua mmoja, mzee anayeuza mahindi choma sasa. Mikono yake ilikuwa na alama za mviringo, kama mtu amechomwa na ncha ya sigara mara nyingi, na alituonyesha bila aibu kwamba ukuta wa katikati ya pua yake umetoboka. Hizo zote ni kazi ya mvuke wa asidi ya kromu, zinajulikana kwa wafanyakazi wa kromu dunia nzima, na yeye alidhani ni yeye tu.

Alituchorea kwa vumbi: tanki za kromu zilikuwa huku, nikeli hapa, maji ya kuoshea yalienda kwa lile shimo. Nikamuuliza, "Mzee, na kwa tanki ya zinki mlikuwa mnatia nini?"

"Sayanidi. Hiyo tuliambiwa usiiweke karibu na asidi, utalala hapo."

Hiyo ilibadilisha mpango mzima, na nitaeleza kwa nini.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoanzia mtoni. Hili lilileta ugomvi. Vijana walitaka kuchimba tope la kijito, kuna mfadhili alikuwa tayari kulipa vibarua na wilbaro, na picha za tope likitolewa zinapendeza. Nilikataa kwa sababu mbili. Moja, chanzo kikiwa bado kinatoka, unasafisha ndoo huku bomba limefunguliwa. Ya pili inachekesha kidogo: tope la kile kijito limejaa maji taka ya choo, halina hewa, limeoza, na hali kama hiyo ndiyo inageuza kromiamu namba sita kuwa namba tatu. Yaani ule uchafu mwingine ulikuwa unatusaidia. Kulikoroga tope lile na kulianika juani kungeleta matatizo mapya bila kuondoa la zamani. Tuliacha.

Uamuzi wa pili ulihusu maji ya shimo. Njia ya kawaida ya viwandani ni kushusha pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi inazidi) mpaka 2 au 3, unatia metabaisalfaiti, dawa ya salfa, kromiamu inageuka haraka kuwa namba tatu, halafu unapandisha pH na chokaa. Ni haraka na tope linalobaki ni kidogo. Lakini ukitia asidi kwa maji yenye sayanidi unatoa gesi ya kuua, na hata bila sayanidi ile dawa yenyewe kwa maji ya asidi inatoa gesi ya salfa yenye inakaba koo, na sisi tulikuwa tunafanyia kazi chini ya mabati, ukuta pande tatu. Vipimo vya sayanidi vilionyesha ipo, kidogo, lakini ipo. Kwa hivyo tukachagua salfeti ya chuma, ambayo haihitaji ushushe pH hivyo. Ni ya polepole, na inaacha tope jingi zaidi maana kila chembe moja ya kromiamu inakula chembe tatu za chuma na chuma chote kinaishia kwa tope. Tulijua tunanunua usalama kwa bei ya tope. Nikiulizwa leo ningechagua hivyo hivyo, lakini hesabu ya tope ilikuja kutufinya, ngoja nifike hapo.

Uamuzi wa tatu, na huu ndio ningetaka watu wauangalie zaidi: tuligawanya maji mawili. Kuna maji machafu tayari, yale ya shimo. Na kuna maji safi yanayoingia na kuchafuka, yaani mvua. Watu wengi wakiona uchafu wanafikiria mashine ya kusafisha. Mimi nilizunguka ploti mvua ikinyesha, na mwavuli, nikaona godauni jirani paa lake lote, paa kubwa ajabu, gata zake zimekatika na linamwaga ndani ya ploti yetu, juu ya ile sakafu iliyopasuka, mahali hasa matanki ya kromu yalikuwa. Mvua ya ploti mbili inapita kwa uchafu wa ploti moja. Kutengeneza gata na kupeleka hayo maji kwa mtaro wa barabarani iligharimu kidogo sana ukilinganisha na kila kitu kingine tulichofanya. Landilodi hakuamini hiyo ndiyo dawa, alidhani namficha kitu.

Uamuzi wa nne: sakafu isivunjwe. Kuchimba udongo wote chini yake kungekuwa usafi kamili kwa karatasi, lakini huo udongo uende wapi? Dandora ni jalala la wazi, halikujengwa kwa taka za aina hii, na chini yake mto unapita. Kuhamisha sumu kutoka kwa kijito kimoja kwenda mto mwingine kwa lori, hiyo nayo tutaiita kazi? Tukaamua sakafu ibaki kama kofia, nyufa zizibwe, na kinachotoka pembeni kikamatwe njiani.

Mfereji wa chuma

Kukamata njiani tulifanya hivi. Kati ya sakafu na kijito tulichimba mfereji mwembamba, mrefu, tukaujaza mchanga uliochanganywa na vile vipande vya chuma vinavyodondoka chini ya leti, ile mashine ya kuchonga chuma. Maji ya njano yakipita humo, chuma kinageuza namba sita kuwa namba tatu, na namba tatu inabaki humo humo. Si uvumbuzi wetu. Kule Elizabeth City, North Carolina, Marekani, walizika ukuta wa hivyo mwaka 1996 upande wa chini wa karakana ya kromu iliyofungwa ya walinzi wa pwani, urefu mita 46, kina zaidi ya mita 7, na ilishika. Wao walikuwa na mashine na chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na leti za jua kali.

Vitu viwili kuhusu hicho chuma. Kwanza kina mafuta ya kukatia, na chuma chenye mafuta hakifanyi kazi, maji hayakigusi. Vibarua walikiosha kwa maji moto na sabuni ya unga mpaka kidole kikipita hakitelezi, hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, na ni kazi ya kuchosha inayokata mikono hata na glavu. Pili, chuma ni pesa. Gunia la kwanza liliondoka usiku kabla ya kuingia mferejini, na si siri lilienda kwa nani, mnunuzi wa skrepa yuko hatua chache tu. Baada ya hapo tulichanganya na mchanga siku hiyo hiyo kilipofika. Chuma kikishachanganywa na mchanga hakuna mtu atakaa kukichambua.

Maji ya shimo tuliyatibu kwenye matanki ya plastiki, tanki moja moja. Salfeti ya chuma inaingia, unakoroga na mti mrefu, rangi inatoka njano inakuwa kijani chafu halafu kahawia, unapima na ule unga mpaka zambarau isionekane. Kisha chokaa. Hapa kulitokea kitu kidogo chenye kilikula siku: duka lilileta chokaa ya shamba badala ya ile ya mjengo. Zote nyeupe, zote zimeandikwa chokaa. Ya shamba ni mawe yaliyosagwa tu, haiwezi kupandisha pH mpaka 9 hata umwage gunia zima, inaishia kwa 7 na kitu na kukaa hapo. Ya mjengo, iliyochomwa na kuzimwa, ndiyo inapanda. Kama unanunua, dondosha kijiko kwa glasi ya maji safi upime pH kabla lori halijaondoka.

Halafu kuna ule mvutano wa pH wenyewe. Kromiamu inashuka vizuri karibu na 8 na nusu. Nikeli inataka 10 hivi. Ukienda juu sana kwa sababu ya nikeli, kromiamu inaanza kuyeyuka tena kidogo. Tulifanya mara mbili: kwanza 8 na nusu, tope likae, maji ya juu yahamishwe, halafu ndo yapandishwe kwa ajili ya nikeli. Na kabla ya kuyaachia ilibidi kuyashusha tena, kwa sababu kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yanayotolewa yawe kati ya 6.5 na 8.5. Kila tanki ilikuwa na karatasi yake imebandikwa, nani alipima, saa ngapi, rangi gani. Hizo karatasi zilikuja kutuokoa baadaye ofisi ilipouliza.

Vuli

Oktoba mvua ilikuja na tukakimbia kwa ukingo. Mahali pa zamani: hakuna zambarau. Watu wakaanza kupigana tano. Halafu shosho yule yule akasema, hata bila kuinuka kwa mboga zake, "Na ile pale?"

Hatua kama kumi chini ya mwisho wa mfereji wetu, njano. Nyepesi kuliko zamani, lakini njano.

Ilichukua muda kujua kwa nini. Kumbe kulikuwa na paipu ya zamani ya maji taka imezikwa kutoka kwa karakana mpaka kijitoni, haitumiki tena, haiko kwa ramani yoyote tuliyopewa. Paipu yenyewe ilikuwa imejaa udongo, haipitishi kitu. Lakini ilikuwa imelazwa juu ya kokoto, na kokoto ndani ya udongo mweusi ni barabara kuu. Maji yalizunguka mfereji wetu, yakaingia kwa kokoto, yakashuka raha mustarehe. Mzee wa mahindi hakuijua hiyo paipu, iliwekwa kabla yake. Tulifukua, tukakata kokoto sehemu mbili, tukaziba kwa zege na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na mfereji wa chuma ukaongezwa urefu kuelekea huko.

Machi iliyofuata, mvua za kwanza, vipimo kwa ukingo vilikuwa na rangi ya waridi ambayo lazima uweke karatasi nyeupe nyuma ya chupa ndo uione. Kwa mashamba, hakuna kitu. Vipimo vya maabara vilikubaliana na chupa zetu.

Matokeo

Kromu imeshuka, hilo halina ubishi. Lakini kijito bado kinanuka. Mtu akisimama kwa daraja leo ataona plastiki, povu na maji meusi ya choo, na atauliza mlisafisha nini hasa. Vijana wa kikundi wameulizwa hilo swali mara nyingi na linawauma, ju walichosaidia kuondoa ni kitu kisichoonekana na kilichobaki ni kile kinachoonekana. Akina mama wanaendelea kulima. Tulikubaliana wiki za mwanzo za mvua wasitumie maji ya kijito, na wengi wanafuata, si wote.

Tope limebaki. Likakaushwa juu ya magunia na mchanga, likaingia mapipa, mapipa yako kwa stoo yenye kufuli ndani ya ploti. Jamaa mmoja wa kuchoma matofali alitaka kuyachukua bure achanganye na udongo. Ukiskia bure unashawishika, lakini tope la kromiamu namba tatu lenye chokaa ukilichoma na hewa, linaweza kurudi kuwa namba sita. Yaani angekuwa anatengeneza upya kile tulichotoa, na kukijenga kwa nyumba za watu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni saa ya kuchukua sampuli. Ripoti mbili za Mei zilikuwa sahihi na hazikusaidia, na zilifanya watu waitane wezi kwa miaka miwili. Kwa udongo mweusi, mtu asiyepima mvua ya kwanza baada ya kiangazi hajapima. Nimeona mipango ya vipimo imeandikwa "kila robo ya mwaka" na siku zimepangwa kulingana na bajeti ya lori, hiyo itakupa namba safi milele.

Gata. Ningesema sehemu kubwa ya mafanikio ni gata, na siwezi kuithibitisha kabisa kwa sababu tulizitengeneza karibu wakati mmoja na kuziba nyufa na mfereji. Hapo kwa upande wa kujifunza tulipoteza. Kama tungengoja msimu mmoja na gata peke yake tungejua, lakini nani angewaambia wale akina mama wangoje? Kwenye migodi kanuni ni hiyo hiyo: kila lita ya maji safi unayozuia isiingie ni lita ambayo hutaitibu. Wheal Jane, mgodi wa bati kule Cornwall, Uingereza, ulifungwa 1991, pampu zikazimwa, maji yakapanda ndani, na Januari 1992 karibu lita milioni 50 za maji ya asidi na madini zikalipuka kuingia Mto Carnon. Huko bado wanapampu na kutibu kwa chokaa, maana mgodi umejaa maji tayari na hakuna gata ya kuokoa. Ploti ya Industrial Area ilikuwa bado na nafasi hiyo.

Kilichoshindwa wazi ni ile paipu. Tulimtegemea mzee mmoja na ramani ya kuuziwa ploti. Ingetosha kuchimba vishimo vya kupimia upande wote wa ukingo, si pale palipokuwa na njano tu, kabla ya kuamua mfereji uishie wapi. Ukiziba maji sehemu moja yanatafuta nyingine, hilo kila mtu wa mabomba anajua.

Kuhusu pesa na nani anamlipa nani. Kikundi kiliponiita nilikuwa mtu wao, landilodi alipoanza kulipa nikawa mtu wake, na kuna kikao kimoja kijana mmoja aliniambia mbele ya wote kwamba sasa nitasema maji ni safi. Tulichofanya ni kwamba vipimo vya kwa ukingo vilifanywa na vijana wenyewe, mikono yao, chupa zao, na mimi nikisimama kando. Hilo lilizima maneno zaidi ya ripoti yoyote. Na unga wa kupima ni rahisi, mtu wa darasa la nane anaweza.

Landilodi naye hakulipa kwa upendo. Aliyechafua hayupo tena, na mwanzo wakili wake alisema basi hakuna wa kudaiwa. Kilichomgeuza ni Owino Uhuru, kule Mombasa, ambako kiwanda cha kutoa madini ya risasi kwa betri kuukuu kiliacha mtaa mzima na sumu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakaazi walipwe Sh1.3 bilioni, na udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne ama zilipwe Sh700 milioni zaidi. Mazingira ya kesi ni tofauti, lakini mtu anayetaka kukopa benki ajenge godauni hataki jina lake lisomwe karibu na hizo namba. Alitaka barua ya kusema ploti ni safi. Tulimpa barua inayosema ploti inadhibitiwa, na tukaorodhesha vitu vitatu ambavyo ni lazima visiguswe: sakafu, gata, mfereji.

Hiyo barua ndiyo inazungumziwa sasa. Mchoro wa kwanza wa godauni uliweka msingi juu ya mfereji wa chuma. Mchoro mpya umesogeza jengo upande wa barabara, na hiyo pia inaliondoa ukingoni, ambako kanuni zinataka mita 6 mpaka 30 ziachwe wazi. Vifuniko vya vishimo vya kupimia vimewekwa kwa simiti ili lori lisivivunje. Mapipa bado yako kwa stoo. Mtu mwenye leseni ya kubeba taka hatari ametoa bei, landilodi anasema ni ya juu, na ufunguo wa stoo tuliutengeneza mara mbili, mmoja kwake na mwingine kwa kikundi.